Mapera ya Mjane

Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, Kalondu alichekecha mchanga. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango, sufuria kubwa nyeusi katikati ya magoti, akazamisha mikono yote miwili, akainua, akauacha mchanga umwagike polepole kati ya vidole. Kipande cha makaa alikitupa kando. Kokoto aliitupa kando. Siafu alimpuliza tu, hakumwua. Alipomaliza aliufunika, akanawa mikono, ndipo akageukia mlango na kusema, "Nyawira, umeamkaje?"

Nilikuwa nimeamka kitambo. Nilikuwa nikimwangalia kupitia upenyo wa pazia, na sikupenda nilichokiona.

Kalondu alikuwa bibi ya kaka yangu Gachanja, fundi wa mageti hapa Kimbo, Ruiru. Nasema bibi kwa sababu walikaa pamoja. Nyumbani kwa kina Kalondu hakukuwa kumepelekwa mahari. Yeye alikuwa Mkamba wa Ngoliba, kule chini mashariki ya Thika, na sisi ni Wakikuyu wa Kiganjo. Nilikuja kukaa nao nilipoacha shule darasa la saba. Mama alinituma na begi moja na maneno machache: "Enda umsaidie kazi ya nyumba. Na ufungue macho."

Niliyafungua.

Cha kwanza kilikuwa huo mchanga. Ruiru nzima inajengwa, kila kona ina lundo la mchanga mtu angeweza kuomba karai moja, lakini Kalondu aliubeba wake kwa gunia dogo kutoka mto wa kwao. Nilimwuliza kwa nini. Alisema mchanga wa ujenzi una vumbi, ukipata moto unanuka, na harufu inaingia kwa keki. Hatukuwa na ovena. Alichofanya ni kuupasha mchanga ndani ya sufuria juu ya jiko, akaweka mawe matatu juu yake, juu ya mawe akaweka bati la keki, akafunika, kisha akapanga makaa yanayowaka juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Keki zilitoka nzuri, watu wa ploti, wapangaji wenzetu, waliagiza za birthday za watoto. Hilo nililielewa. Lakini kubeba udongo wa kwenu ukaingia nao nyumba ya mwanaume, hilo lilinikaa.

Cha pili kilikuwa Gachanja mwenyewe.

Kaka yangu nilimjua. Kabla ya Kalondu alikuwa mtu wa keg, ile bia ya pipa, na pool table. Mama akimpigia simu Jumamosi, anajibu Jumatatu. Sasa saa kumi na mbili jioni alikuwa nyumbani. Alioga, akaketi, akauliza siku ilikuwaje. Halafu alichukua karai la vyombo, akatoka nalo nje mbele ya milango yote kumi na minne ya ploti, akaosha masufuria akiimba.

Carolyne, mwenye kibanda cha maziwa na sukuma pale getini, ndiye aliyelipatia jambo hilo jina.

"Nyawira, kuja hapa," aliniita siku moja. "Huyo ni Gachanja anaimba?"

"Ni yeye."

"Na hiyo kwa mkono wake ni stiliwaya?"

"Anaosha vyombo."

"Ngai! Jua likiwaka hivi, watu wakiona? Mtoto wangu, hiyo si mapenzi. Mapenzi ninaijua, ilinipata mara mbili. Hiyo ni kamuti."

Kamuti ni dawa ambayo watu wa kwetu husema wanawake wa Ukambani huwawekea wanaume kwa chakula ili wasitoke nyumbani. Husemwa kwa kicheko, kwa kinyozi, kwa matanga, hata nje ya kanisa. Kila mtu hucheka. Lakini sijaona mtu akicheka halafu akale sahani aliyoambiwa imewekwa dawa.

Kuanzia siku hiyo nilianza kuangalia chakula.

Siku za wiki sikuona kitu. Githeri ni githeri, mahindi na maharagwe, na tulikula sufuria moja. Jumapili ndiyo ilikuwa tofauti. Jumapili, baada ya kanisa, Kalondu alioka kitu ambacho hakuuza hata akiombwa. Alichukua mapera yaliyoiva, yale mekundu ndani, akayapasua katikati na kuyatoa mbegu. Hakuongea akipasua. Ungemwuliza swali, angeinua kidole kimoja kukuambia ngoja, akaendelea, midomo ikicheza kidogo kama ya mtu anayeomba. Mbegu alizichemsha na sukari na tangawizi, akazichuja, ule mchuzi mwekundu akaumwaga juu ya mapera. Kisha alisugua mkate mkavu kwa siagi mpaka ukawa makombo, akafunika nao, akaoka. Yakitoka, makombo yalikuwa kahawia na mchuzi ukitokota pembeni, na harufu yake ilifika mpaka kwa mlango wa mwisho.

"Hii inaitwaje?" nilimwuliza Jumapili ya kwanza.

"Mapera ya mjane."

Alisema hivyo akitabasamu, akimpakulia kaka yangu, ambaye hakuwa amekufa.

Aliniwekea na mimi. Nikasema nimeshiba. Jumapili ya pili nikasema tumbo linauma. Ya tatu hakuniuliza, aliniwekea tu sahani na kuifunika, na jioni mimi nikaibeba nyuma ya choo nikawapa kuku wa caretaker. Niliwaangalia wale kuku wiki nzima. Hawakufanya chochote, lakini nao hawakuwa watu wa kutoka sana.

Jambo lenyewe, lile ambalo Kalondu alitaka, lilikuwa dogo na alilisema wazi. Kwa Wakamba msichana hajaolewa mpaka mbuzi watatu wafike kwa baba yake. Si harusi, si gari, si hema. Mbuzi watatu. Bila hao anahesabiwa ni msichana wa kwao aliyepotea njia, na mtoto akizaliwa ni wa babu yake. Kalondu alikuwa amekaa na kaka yangu mwaka na miezi miwili. Baba yake, mzee Mbaluka, alikuwa ameanza kumwuliza kwa simu, kwanza kwa mzaha.

"Gachanja, mbuzi," alisema jioni moja.

"Nitaongea na mami."

"Uliongea Pasaka."

"Kalo, mami ndiye lazima aende. Siwezi kupeleka mbuzi peke yangu kama muuzaji. Pole pole."

"Mimi sina haraka," alisema Kalondu. "Baba ndiye ana haraka. Ameanza kuambia watu kwamba niko chuo."

Gachanja alicheka sana. Kalondu hakucheka. Alifuta meza, akaniangalia mimi, kisha akaangalia kwingine, kama mtu aliyejua mahali jibu linapotoka.

Na ni kweli. Mama alikuwa akingoja neno langu.

Karatasi niliipata mwezi wa tano, ndani ya debe la unga. Sikuwa naiba. Nilikuwa nikipima unga wa chapati, kikombe kikagusa nailoni. Ndani ya nailoni kulikuwa na ukurasa wa daftari uliokunjwa mara nne, mistari ya samawati, mwandiko wake. Mimi nasoma polepole, lakini nasoma. Niliisoma nimesimama, halafu nikaketi nikaisoma tena.

"Chukua kumi na mawili yasiyo na doa. Yakate ukiwa kimya. Kila ukatapo, taja jina lake moyoni mara moja. Mbegu usizitupe nje, zichemshe. Funika kwa makombo ya mkate wa juzi. Moto uwe chini na juu. Mwekee sahani mahali pake hata akiwa hayupo. Atakayekula hiki hatasahau njia ya kurudi kwako."

Mbali na mchanga, mbali na masufuria, mbali na kuimba, hii ilikuwa imeandikwa. Niliipiga picha na simu, nikaikunja kama ilivyokuwa, nikairudisha ndani ya unga na kusawazisha juu kwa kiganja. Kisha nikamtumia mama.

Alipiga simu kabla sijaweka yangu chini.

"Umekula hiyo kitu?"

"Hapana, mami."

"Usikule. Chai kunywa ile umepika mwenyewe. Kaka yako anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie, hataskia, ameshafungwa. Waambie tunakuja Jumapili. Mimi na mjomba wako Muriithi. Sema tunakuja kuongea mambo ya mbuzi."

"Kwani si mtakuja kuongea mambo ya mbuzi?"

"Tutaongea," mama alisema.

Nilipeleka ujumbe. Kalondu alikuwa akikoroga uji. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akanishika mabega, akanitikisa, kisha akatoka nje kumpigia baba yake. Nilimsikia akiongea Kikamba kwa sauti ya juu na kucheka. Kesho yake jioni mwanaume wa bodaboda alileta ndoo ya mapera kutoka Ngoliba, yamefunikwa kwa majani, na salamu za mzee Mbaluka kwa wakwe zake.

Jumamosi tulikaa tukiyachagua. Yasiyo na doa upande huu, mengine upande ule. Niliyahesabu bila kutaka. Alitenga kumi na mawili, akayakagua tena, akabadilisha mawili. Nikaona nijaribu.

"Kalondu, nani alikufunza hii kitu?"

"Kitabu."

"Kitabu cha kupika?"

"Hapana. Kitabu cha hadithi." Aliinua pera moja, akalinusa, akaliweka. "Kabla nikuje Ruiru nilikuwa nafanya kazi Kiganjo kwenu, kwa mzee mmoja, Mwalimu Zacharia. Alikuwa ameachwa na macho. Watoto wako ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kupika na kufua, lakini jioni ilikuwa kusoma. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kizungu, kizee, jalada limetoka, kurasa za kwanza zimetoka. Alikifundisha miaka mingi. Ni ya mama mmoja mjane, nchi ya baridi. Mtoto wake mmoja akaenda vitani, akakosa kuandika. Basi kila Jumapili huyo mama anaoka matunda ya mti wa nyuma ya nyumba, anamwekea sahani kwa kiti chake. Majirani wanamcheka. Miaka tisa anaoka."

"Akarudi?"

"Anarudi ukurasa wa mwisho. Hasemi kitu. Anaketi anakula." Aligeuza pera jingine mkononi. "Mwalimu alikuwa analia hapo kila mara. Mimi nilikuwa nangoja alie ndio nipumue. Basi nikamwambia, Mwalimu, hii tunaweza pika. Akasema hayo matunda hapa hayako, lakini yananuka kama mapera. Tukajaribu. Ya kwanza iliungua, ya pili ikawa uji. Ya tatu akaimaliza. Nikamwomba anitafsirie ule ukurasa, nikaandika."

"Na kitabu kiko wapi?"

"Mwalimu alipofariki watoto walikuja wiki moja. Vitabu viliuzwa kwa kilo, kwa mama wa njugu. Nilienda kumwomba hicho. Alikuwa ameshafunga njugu nacho."

Niliuliza kama kaka yangu aliijua hiyo hadithi. Alisema anajua ni ya kitabu, hakuwahi kuuliza zaidi. Yeye alipenda kula tu. Walijuana hivyo. Kalondu alienda kwa karakana ya Gachanja kuagiza kifuniko cha bati chenye ukingo, makaa yasimwagike. Gachanja akamwuliza kifuniko gani hicho kinabeba moto kichwani. Kalondu alimpelekea sahani.

Nilisikiliza yote. Na nitasema ukweli: ilikuwa hadithi nzuri mno. Kitabu hakina jina. Mwandishi hajulikani. Mwenyewe amekufa. Karatasi zimefunga njugu na njugu zimeliwa. Mtu anayetaka kudanganya angeshona hivyo hivyo, akakata nyuzi zote.

Lakini jioni, mbegu zimeshachemshwa, alipotoka kuchota maji, mchuzi ulikuwa ukipoa kwenye bakuli, mwekundu kama rangi ya midomo. Nilichovya kidole. Nikalamba. Nikachovya tena, viwili. Halafu nikaketi, nikakunja mikono, nikangoja. Nilingoja mpaka aliporudi, nilingoja tukila, nilingoja nikienda kulala. Asubuhi niliamka nikajikagua. Nilikuwa mimi. Kitu pekee nilichosikia kilikuwa hamu ya kulamba tena.

Ningempigia mama wakati huo. Simu ilikuwa na chaji na salio. Nilijiambia labda kamuti haishiki wasichana.

Walifika saa nane. Mjomba Muriithi alivaa koti na kofia ya wazee. Mama alivaa kanga mpya na kubeba kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na chupa yake ya chai na mkate wake.

"Mami, kwani ulidhani tutakulaza njaa?" Kalondu alisema, bado akicheka, akipokea kikapu.

"Wacha hapo, mimi nabeba. Nina presha. Nakunywa yangu."

Gachanja aliangalia ile chupa, kisha akaangalia chini. Tuliketi. Mjomba aliomba, akaombea safari, akaombea mvua, akaombea mbuzi kwa jumla. Kisha Kalondu alitoka nje na kurudi na bati likivuta moshi, akaliweka kwenye stuli katikati yetu, akaondoa kitambaa.

"Aii!" mjomba alisema. "Hii nayo ni nini? Inanuka kama Krismasi."

"Ni mapera ya mjane, mjomba."

"Ya nani?" mama aliuliza.

"Ya mjane, mami. Ndiyo jina yake."

"Na bwana ya huyo mjane alikufa akikula nini?"

Mjomba alianza kucheka, akaona uso wa dada yake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Kwao na kwetu hili ni moja: anayepakua huonja kwanza, wageni wakiona. Kalondu alichukua kijiko, akachota katikati ya bati, akala, akameza, akafungua mdomo kidogo kama mtoto anayeonyesha dawa imeshuka. Ndipo akapakua. Kumi na mawili, sahani nne. Akaanza kwa mama, akamaliza kwa Gachanja. Mkono wa mjomba Muriithi ulikuwa tayari kwenye kijiko.

"Muriithi," mama alisema, "wewe si uko na sukari?"

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Mjomba aliweka kijiko chini polepole, akiangalia sahani kama mtu anayemsindikiza ndugu.

Mama alivaa miwani, akatoa simu kwenye kanga, akasoma. Alisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ya kanisani. Alipofika "taja jina lake moyoni" alisimama akamwangalia Gachanja, kisha akaendelea. Nje watoto walikuwa wakicheza mpira na kuta za ploti, na kila walipopiga ukuta wetu vikombe vililia.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Yangu," Kalondu alisema.

Hakuuliza mama aliitoa wapi. Aliniangalia mara moja tu, si kwa hasira, na hakuniangalia tena.

"Mami, hiyo ni ya kitabu. Ni hadithi."

"Kitabu kinaitwaje?"

"Sijui. Jalada ilitoka."

"Kiliandikwa na nani?"

"Sijui. Kurasa za mbele pia zilitoka."

"Kitabu hakina kichwa na hakina mwenyewe. Kilikuwa cha nani?"

Hapo nikaona uso wa Kalondu ukifunguka. Alikuwa amepata mtu wa kumshuhudia. "Cha Mwalimu Zacharia, mami. Wa kwenu, Kiganjo. Nilimfanyia kazi miaka mitatu. Kila mtu alimjua."

"Zacharia wa karibu na tangi ya maji? Yule kipofu?"

"Ndiye! Ndiye huyo!"

"Namjua," mama alisema. "Nilienda mazishi yake. Ni nani alikuwa anampikia?"

"Ni mimi, mami."

"Na alikuwa anakula hii?"

"Alikuwa anaipenda sana. Kila Jumapili."

"Mpaka lini?"

Kalondu alifungua mdomo. Nilimwona akifika mwisho wa jibu kabla hajalisema, na kuona mahali limemweka.

"Mpaka alipofariki," alisema.

Mpira uligonga ukuta.

"Alikuwa na miaka themanini na tatu, mami."

"Sijauliza miaka."

"Wamboi," mjomba alimwita mama kwa jina, "mzee wa themanini na tatu hufa hata akikula ugali."

"Wewe nyamaza, ulikuwa unataka kukula."

"Nimeonja mbele yenu," Kalondu alisema. "Mmeniona nikimeza."

"Hiyo dawa haishiki mwenye kuiweka. Hata mtoto anajua."

Nilikuwa na kitu cha kusema. Mimi si mwenye kuiweka, na nilikuwa nimelamba vidole vitatu vya ule mchuzi, na nilikuwa nimeketi pale mzima, nikimwogopa mama kama kawaida. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kama ningeyasema ningelazimika kusema pia kwa nini nililamba kwa kujificha, na ile picha ilitoka wapi, na Gachanja angenitazama. Nikayameza.

Kalondu aliacha kuongea na mama. Alimgeukia kaka yangu.

"Gachanja. Hawa ni wageni, siwalaumu. Wewe umekula hii mwaka mzima. Kula."

"Kula basi, kijana," mjomba alisema. "Kula tumalize hii maneno, twende kwa mbuzi."

Gachanja alichukua kijiko. Nilishukuru Mungu, kweli nilishukuru. Alichota, akainua, makombo yakaanguka kidogo. Halafu macho yake yakaenda kwenye simu ya mama, iliyokuwa bado inawaka mezani na ile picha. Nilimwona akiyapitia maisha yake ya mwaka ule: keg aliyoacha, saa kumi na mbili zake, karai la vyombo, nyimbo. Alikuwa akiyakagua moja moja, kama anavyokagua geti lililochomelewa na fundi mwingine, akitafuta mahali palipofichwa kwa rangi.

Akaweka kijiko chini.

"Nitakula baadaye."

"Baadaye lini?"

"Wakishaenda."

"Wakishaenda haitakuwa kitu. Kula wakiwa."

"Kalo, usinilazimishe."

"Umeona?" mama alimwambia mjomba. "Amejisikia mwenyewe. Imeanza kumtoka." Akavua miwani, akaikunja. "Mbuzi wetu hawaendi Ngoliba."

Gachanja aliangalia kijiko. Kalondu alimpa nafasi. Alingoja muda mrefu kuliko ningengoja mimi. Mjomba Muriithi alitazama kofia yake. Kisha Kalondu akaivuta ile sahani ya kaka yangu kwake, akaketi kwenye kigoda, akala. Hakula kwa hasira. Alikula kama mtu aliyetoka kazini, pera baada ya pera, akakwangua mchuzi, akakusanya makombo kwa mgongo wa kijiko. Sisi sote tulikaa tukimwangalia. Alipomaliza alifuta midomo.

"Chai haina maziwa," alisema, akaweka maji kwenye jiko.

Aliingia nyuma ya pazia. Alitoka amejifunga leso mabegani na amevaa vile viatu vya kanisa, vya kufunga kamba, ambavyo mtu havivai kwenda kibandani hatua thelathini. Alipita katikati yetu. "Nyawira, angalia moto," akasema, akatoka.

Niliinuka nikasimama mlangoni. Alikatiza uwanja, watoto wakashika mpira mpaka apite. Pale getini Carolyne alimwita, "Kalo! Maziwa pakiti ngapi?" Hakusimama. Alimpungia mkono bila kugeuka, akavuka barabara, akashika upande wa Thika, njia ya kwao, na leso yake ilionekana kidogo kati ya watu waliotoka ibada ya mchana, kisha ikakosa kuonekana.

Nyuma yangu maji yalianza kuchemka. Kaka yangu aliuliza kama anakuja. Mama alisema atakuja, ataenda wapi, na akajimiminia chai yake kutoka kwa chupa. Mimi nilibaki pale mlangoni mpaka maji yakaisha sufuriani.